Kimya Si Ripoti

Wasomaji wangu, samahani kwa kupotea. Niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini leo naliweka kando. Mjomba wangu amenipa somo jingine.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulikufa ganzi kwa dakika kumi hivi, ulimi ukawa mzito, kisha akarudi sawa. Vipimo vikaonyesha kwamba mshipa wa shingo upande wa kushoto, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, umeziba zaidi ya robo tatu. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi shingoni, wakaacha humo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma cha kuutanua mshipa. Kesho yake akaruhusiwa. Karatasi aliyopewa ilisema: meza dawa, rudi baada ya wiki sita. Basi.

Siku ya tatu kichwa kikaanza kumuuma, upande ule ule wa stenti. Sisi tukatafuta Panadol. Jirani yetu ambaye ni muuguzi ndiye aliyeuliza presha imepimwa lini. Ilikuwa 190 kwa 105! Tukamrudisha hospitali usiku huo huo, presha ikashushwa, na picha ya kichwa ikaonyesha hakuna damu iliyovuja.

Baadaye ndipo tulipoelezwa. Ubongo uliozoea damu kidogo hupokea ghafla damu nyingi, na mishipa yake midogo imesahau kujibana. Presha ikipanda, mgonjwa anaweza kupata kifafa au kuvuja damu ubongoni. Hutokea kwa wachache, lakini huua. Wengine hupatwa na kinyume chake: stenti hukandamiza vihisi vya presha vilivyo shingoni, moyo ukapiga polepole na presha ikashuka. Tena vipande vya uchafu vikibanduka mshipani vinaweza kuleta kiharusi kile kile tulichokuwa tunakikimbia.

Sisemi stenti ni mbaya. Utafiti wa CREST, uliotolewa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,500 wa Marekani na Kanada, uliilinganisha na upasuaji wa kuusafisha mshipa. Katika kipindi cha matibabu, kiharusi kiliwapata asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na 2.3 ya waliopasuliwa. Mshtuko wa moyo ulikuwa asilimia 1.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji. Kila njia ina hitilafu zake.

Lalamiko langu ni hilo la wiki sita. Sisi waandishi wa programu hatuweki kitu kipya kwenye seva kisha tukaenda kulala. Siku za kwanza ndizo tunazokesha tukiangalia. Na seva ikinyamaza hatusemi iko salama, tunasema huenda imekufa. Mgonjwa akinyamaza, mbona tunadhani amepona?

Daktari mmoja aliniambia ukimsomea mgonjwa hatari zote utamtisha. Sawa, lakini hatuhitaji zote. Mistari mitatu inatosha: pima presha asubuhi na jioni, usiache aspirini wala klopidogreli bila kumuuliza daktari, hata pesa zikiisha, maana damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na kichwa kikiuma sana, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma, kimbia hospitali.

Mjomba ana simu ya mulika mwizi, kwa hivyo nilimwandikia kijiprogramu cha SMS. Kinamuuliza presha mara mbili kwa siku. Ikizidi kiwango alichotupa daktari, kinampigia binamu yangu. Asipojibu kwa saa moja, kinampigia vile vile. Hicho kipengele cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, na kilinichukua jioni moja tu kukiandika.

Hospitali yenye kompyuta na namba ya simu ya mgonjwa inashindwaje? Nyinyi mnaoandika mifumo ya hospitali, naomba mnijibu. Somo la hifadhidata litaendelea wiki ijayo.