Mama Mnene na Gauni la Sare

Mavuno yakishaingia ghalani katika nyanda za kati, kuanzia mwezi Juni hivi, huja msimu mwingine ambao akina mama wanaufahamu kuliko akina baba: msimu wa arusi, wa kuwaaga mabinti, wa kipaimara na wa komunyo ya kwanza. Kila shughuli ina kamati yake, na kila kamati ina sare yake. Kitenge huchaguliwa, mchango hupitishwa, na mshono wenyewe huonyeshwa katika picha ya simu, ambayo aghalabu ni ya msichana mwembamba aliyesimama ubavu ubavu huku akitabasamu. Kisha wote, wembamba kwa wanene, hutakiwa kushona vivyo hivyo.

Makala ya leo yanamhusu yule mama ambaye picha hiyo haikumkumbuka. Tunamwita mnene bila kejeli na bila kumwomba radhi, maana hilo ndilo jina la umbo lake, kama vile mwingine alivyo mrefu. Tunalosema ni kwamba gauni likimkataa, mara nyingi kosa li katika hesabu ya kitambaa na katika mkasi wa fundi, wala si katika nyonga zake.

Tuchukue mfano wa Mlali. Tunaisema Mlali ya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, si ile ya Mvomero huko Morogoro. Mtumishi wa ofisi aliyehamia Dodoma mjini, ambaye kwao ni Mlali, anapata taarifa kwamba binti wa kaka yake anaagwa, na kwamba yeye kama shangazi mtu atakaa mstari wa mbele. Kitenge huuzwa kwa pisi, na pisi moja ni yadi 6. Ili kupunguza gharama, kamati hukata pisi katikati: yadi 3 kwa kila mama. Mgawo huo unaonekana wa haki kabisa, na hakuna anayethubutu kuupinga mbele ya mawifi zake.

Hebu tuupime kwa futi kamba. Tuseme shangazi wetu ana kifua cha sentimeta 122, nyonga za sentimeta 134 na mkono wa juu, pale karibu na bega, wa sentimeta 44. Ili aweze kukaa na kutembea, gauni lake linahitaji nafasi ya kupumulia ya sentimeta 10 hivi nyongani, yaani lizunguke sentimeta 144. Upana wa kitenge ni kama sentimeta 115. Hivyo basi upana mmoja haumzunguki. Zinatakiwa pande mbili, wa mbele na wa nyuma. Akitaka gauni la kufika karibu na vifundo vya miguu, kila upande ni sentimeta 140, na jumla ni sentimeta 280. Lakini yadi 3 ni sentimeta 274 tu! Bado mikono, bado pindo. Utepe unaobaki pembeni baada ya kukata pande hizo hauzidi sentimeta 40, nao hautoshi kutoa mkono mmoja. Mama huyu anahitaji yadi 4, na mgawo ulimnyima robo ya gauni tangu siku ya kikao.

Fundi afanyeje? Ana cherehani, hana kiwanda. Atafupisha, ataondoa mikono, atabana ubavuni mpaka mshono ulie. Siku ya shughuli mama anakaa wima kama mgonjwa wa mgongo. Nao wenyeji wa Ugogo wana muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wenyewe, wakiibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono miwili. Shangazi aliyebanwa kwapani na magotini hawezi kuipiga. Hubaki kwenye kiti akipiga makofi madogo madogo, na watu husema mjini kumemharibu.

Dawa ya kwanza ni kusema mapema: "Mwenyekiti, mimi naomba yadi nne, tofauti nitailipa mwenyewe." Sentensi hiyo ni fupi, lakini tunajua inavyokuwa nzito mdomoni mbele ya watu wazima. Kamati yenye busara haingoji mama ajieleze; huuliza kila mtu yadi zake, kama inavyouliza nani hali nyama.

Dawa ya pili ni ya fundi, na hii tunaipenda zaidi kwa sababu mgawo wa yadi 3 unaweza kubaki vile vile. Nunua yadi 2 za kitambaa cha pamba kisicho na maua, chenye ile rangi ya giza iliyomo ndani ya kitenge chenyewe: buluu iliyokolea, zambarau, au kahawia ya kahawa. Kitenge kikatwe urefu mmoja tu wa sentimeta 140, kisha kigawanywe katikati kwa upana. Nusu moja iwe mbele, nusu nyingine nyuma. Kila nusu itatoa kama sentimeta 54 baada ya kushonwa. Zinazopungua zijazwe na vipande viwili vya kile kitambaa cha rangi moja, kila kimoja sentimeta 18, kutoka kwapani hadi chini. Zaidi ya yadi moja ya kitenge inabaki kwa ajili ya mikono, na hata kilemba. Jicho la mtazamaji hufuata maua ya katikati yanayoshuka moja kwa moja, na pande za giza hujificha zenyewe. Shangazi ana sare kama wenzake, na pengine ndiye aliyependeza kuliko wote. Si ajabu mwaka unaofuata kamati ikaomba wote washone hivyo.

Jambo linaloharibu magauni mengi ni upimaji. Kongwa yenyewe ina kumbukumbu ya watu waliokata kabla ya kupima: mwaka 1947 Waingereza waliingiza matrekta hapa kwa mradi wao mkubwa wa karanga, wakiwa hawajaijua vya kutosha mvua ya nchi hii wala udongo wake unaokauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Fundi asiyepima hapotezi mamilioni, lakini moyo wake ni ule ule.

Mafundi wengi ni wanaume, na mama mwenye haya humwambia fundi "wewe kadiria tu." Asikadirie. Kama hupendi kushikwa, nenda na binti yako au wifi yako. Yeye apitishe futi kamba, fundi aandike namba daftarini. Vaa sidiria utakayoivaa siku ya shughuli, maana sidiria nyingine hubadilisha kifua kwa sentimeta kadhaa. Usivute tumbo ndani, kwa kuwa gauni halitajua kwamba ulikuwa unajizuia. Pima nyonga ukiwa umesimama, kisha ukiwa umekaa, na fundi achukue kipimo kikubwa. Mkono wa juu usisahaulike hata kidogo: hapo ndipo magauni ya wanene yanapopasuka, kwa sababu fundi huukadiria kwa macho kutokana na kifua.

Baada ya vipimo huja mshono. Kwa wanawake wengi wanene, sehemu nyembamba ya kiwiliwili ni pale chini tu ya maziwa, si kiunoni. Gauni likikatwa hapo kisha likaachiwa lishuke kwa utulivu, tumbo halisemwi. Shingo yenye umbo la V hurefusha uso na kifua. Shingo ya mviringo inayokaba hufanya kinyume. Mkono wa robo tatu hufunika palipo panene na kuishia palipo pembamba. Vivyo hivyo kwa urefu: gauni lisiishie katikati ya shavu la mguu, mahali penye unene kuliko pote, bali lipande kidogo au lishuke. Marinda mengi kiunoni, au kile kisketi kifupi kinachoshonwa juu ya sketi nyingine, tuwaachie mabinti. Na vile vikunjo vyembamba vinavyoshonwa kutoka ubavuni kuelekea kwenye ncha ya ziwa visirukwe eti kwa sababu mteja ni mnene. Yeye ndiye anayevihitaji, la sivyo nguo itaning'inia mbele kama turubai.

Kuhusu rangi, husemwa kwamba mama mnene avae nyeusi tu. Hatukubaliani. Katika jua la Dodoma nguo nyeusi inachemka, na vumbi jekundu la njiani huonekana juu yake kabla hujashuka kwenye gari. Vaa rangi uipendayo. La kuangalia zaidi ni mahali maua yanapoangukia. Kitenge chenye duara kubwa moja moja ni kizuri, ila fundi akizembea duara moja hukaa juu ya tumbo kama mhuri wa posta. Mwambie atandaze kitambaa mbele yako kabla ya kukata. Anayeshona gauni la khanga naye akumbuke pindo: likizungushwa nyongani hupanua, likiwekwa chini au likashushwa wima katikati ya kifua hurefusha.

Dera tumelisahau? La. Dera limewaokoa akina mama wengi, na jioni ya joto nyumbani halina mpinzani. Lakini kumpa mwanamke dera kwa kila shughuli, eti kwa sababu "yeye ndiyo saizi yake," ni uvivu wa mshonaji uliovikwa kanzu.

Wapo wanaonunua mitumba. Nguo hizi zilienea nchini tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa baada ya miaka ya uhaba wa vitambaa, na mama mnene amepata humo magauni mazuri, kwa kuwa Ulaya na Marekani nako wako wanene wengi. Tatizo ni namba. Namba 20 ya Uingereza ni takriban namba 16 ya Marekani, na gauni jipya la kutoka Uchina lililoandikwa XL laweza kumfaa msichana wa sekondari. Iacheni lebo. Litandaze gauni mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kisha fanya hivyo nyongani. Kama jumla haizidi mwili wako kwa sentimeta 8 au 10, lirudishe mnadani hata kama bei inachekesha.

Nguo za ndani zina kazi yake. Gagulo jepesi la pamba huzuia gauni lisinate miguuni, na bukta laini ya pamba huzuia mapaja yasichubuane katika safari ya kutwa. Mwaka mzima tunaona akina mama wakichechemea baada ya arusi, nao wanasingizia viatu.

Lipo pia suala la midomo ya watu. Mwanamke huyo huyo akifika kijijini huambiwa amenawiri, na akirudi ofisini huambiwa amejiachia, hali mwili ni ule ule na safari ni ya saa chache. Mazoea ya kuujadili mwili wa mwanamke hadharani si mapya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipopitisha Operesheni Vijana, iliyoanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, barua nyingi ziliandikwa magazetini juu ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya vazi la mwanamke. Swali la kama vazi lenyewe linamtosha anayelivaa halikuwa la siku ile, na hata leo haliulizwi mara nyingi.

Kama daktari amekushauri upunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu au kisukari, mfuate. Lakini hilo ni jambo la kliniki na la jikoni. Usishone gauni la siku utakapopungua. Masanduku mengi yana gauni moja zuri lililokunjwa kwa miaka, likimngojea mwenyewe arudi umbo la ujana, na mwenyewe anaenda kwenye shughuli ya mwanawe akiwa amejifunika khanga mabegani ili zipu isiyofunga isionekane. Shona kwa mwili ulio nao Jumatatu hii. Fundi aache akiba ya sentimeta 3 ndani ya kila mshono wa ubavu. Ukipungua atabana, ukiongezeka ataachia.

Mpelekee kitambaa wiki tatu kabla, si siku tatu, na mkubaliane kulijaribu gauni mara mbili: mara moja likiwa limeshikizwa tu, na mara ya pili kabla ya kukunja pindo. Malipo ya mwisho yangoje. Kaa kwenye kigoda chake, inua mikono yote miwili juu, kisha uweke ndoo katikati ya magoti kana kwamba ndiyo ngoma ya muheme, uipige kidogo. Mafundi watacheka, wacha wacheke. Ukisikia uzi unakatika kwapani, liache gauni hapo hapo hadi Alhamisi.