Mzushi ni Nani?

Mwaka 1318 watawa wanne Wafransisko walichomwa moto Marseille. Hawakumkana Mungu, waligoma kumtii Papa Yohane XXII aliporuhusu shirika lao liweke maghala ya nafaka na divai, wakisema nadhiri ya ufukara yakataza. Mwaka 1323 Papa huyo akatangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakumiliki kitu.

Kericho na Bomet zina kisa cha jamii hiyo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamishia Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, huko Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Waliitwa wachawi na wachochezi. Hata jina "laibon" lililotumiwa na sheria hiyo lina asili ya Kimaasai. Wakipsigis husema orgoiyot. Watalai hawakuweka nadhiri ya ufukara. Ufukara waliwekewa, huku chai ikitanda katika ardhi ya Wakipsigis.

Basi mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo na neno "mchawi" au "mzushi" katika hati za kale, asiharakie kulifasiri. Kwanza aulize: nani alilitamka, na mali ilibaki mikononi mwa nani?