Mkondo wa Kale Bado Una Maji
Na Halima Abdi

Kutoka madukani Masalani kwenda mtoni ni vumbi na miiba. Kisha, kabla hujauona Mto Tana wenyewe, ardhi inabonyea na kivuli kinakufunika. Umeingia kwenye mkondo ambao mto uliuhama zamani, miti ikabaki.

Nilishuka huko Alhamisi baada ya Alasiri na mzee mmoja aliyekula chumvi akinywesha ng'ombe upande huu. Chini ya mkuyu udongo wa mfinyanzi ulikuwa umepasuka vipande kama sahani. Nilitia kidole katika ufa mmoja, kikatoka na unyevu.

"Adeer, mafuriko ya 2023 yalifika wapi?"

Akaweka kiganja kwenye shina la mkwaju, usawa wa kifua chake. "Hapa, abaayo." Alama ya tope imeshafutika, ila yeye haihitaji.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mkondo huu ukiitwa mfu, eti ni ploti tupu. Miti hii haitegemei mvua yetu haba. Inaishi kwa maji yanayopenya chini kwa chini kutoka mtoni, na kwa mafuriko yanayoleta tope jipya la kuoteshea mbegu. Tangu Bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, na mengine ya umeme yakiwa yametangulia, mto umebanwa huko juu na miche imekuwa ya shida. Mkuyu ukikatwa leo, anayerithi nafasi yake ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Bura miaka ya 1980.

Misitu ya aina hii ya Tana ya chini ndiyo makao pekee duniani ya mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Kwa ajili yao hifadhi ilitengwa mwaka 1976, ikashika kingo zote mbili. Lakini mimi nawaza pia akina mama niliowakuta wakikata ukuti wa mkoma kwa mikeka, na malka, njia ambazo mifugo hupita kwenda kunywa. Ukizungushia ploti ua hapa, mbuzi watapitia shambani kwa nani?

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaturuhusu kusajili ardhi yetu na kutenga sehemu ya malisho na uhifadhi. Kutenga si jambo geni kwetu. Ishaqbini, hapa hapa Ijara, jamii ilitoa ardhi yake kwa ajili ya swala waitwao hirola, na mwaka 2012 wakawekewa uzio wa kuwakinga na simba na fisi. Wazee waketi, mkondo huu uingizwe kwenye ramani kabla wapimaji hawajafika.

Tulipotoka tulikuta vigingi vinne vimechomekwa bondeni, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Mzee alisimama kando ya kimoja. Kilimfika gotini.