Msidanganywe na pointi 70

Jamani, tuambiane ukweli. Visa ya Uingereza ya mfanyakazi stadi, ile inayosemekana kutolewa kwa mfumo wa pointi, haina pointi. Ina maswali manne ya ndiyo au la yaliyopakwa rangi ya hesabu. Nimeyasoma masharti yake kama ninavyosoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine, mstari baada ya mstari, nikitafuta mahali ambapo jumla ya pointi inafanya kazi yoyote. Sijapaona.

Naandika haya kwa sababu napokea barua pepe nyingi kutoka kwa vijana wanaotengeneza programu hapa Nairobi, Eldoret na Mombasa. Swali ni lile lile. "Kaka, nina shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, miaka sita kazini na vyeti vitatu vya Amazon na Microsoft. Hizo ni pointi ngapi?"

Ni sifuri. Simaanishi chache, namaanisha sifuri kamili.

Tazameni pointi zenyewe. Ukiwa na mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, unapata 20. Kazi aliyokupa ikiwa ya kiwango kinachotakiwa, 20. Ukijua Kiingereza cha kutosha, 10. Mshahara ukifikia kiwango, 20. Jumla 70, na 70 ndizo zinazotakiwa. Hakuna anayepata 85. Mwenye 60 hapangwi foleni nyuma ya mwenye 70, wala hawezi kuziba pengo la Kiingereza kwa mshahara mnono. Kwa lugha yetu sisi wa kazi hii, programu yote ni hii:

kama (mdhamini NA kiwango_cha_kazi NA kiingereza NA mshahara)
    pita()
la sivyo
    kataa()

Mkinionyesha jibu lolote linalobadilika tukifuta hizo namba 20, 20, 10 na 20, nitaifuta makala hii.

Watetezi wake watasema ziko pointi za kubadilishana. Ni kweli kwamba kiwango cha mshahara hushushwa kwa mwenye shahada ya uzamifu inayohusiana na kazi, au kwa aliye chini ya miaka 26, au kwa kazi zilizo kwenye orodha maalum. Lakini aliyeshushiwa anapata zile zile 20, na anayelipwa mara mbili yake anapata 20 pia. Hilo ni sharti lenye vighairi, jambo la kawaida kabisa katika sheria. Waliite hivyo basi.

Mbona waliita pointi? Kwa sababu za kisiasa. Katika kampeni za kura ya Brexit mwaka 2016, na tena katika uchaguzi wa 2019, wananchi waliahidiwa mfumo wa pointi "kama wa Australia". Australia wana visa ambayo kweli inahesabu: umri, elimu, Kiingereza na miaka ya kazi vinajumlishwa, cha chini kuomba ni 65, na huhitaji mwajiri yeyote. Canada walianza kuhesabu hivyo mwaka 1967, na hadi leo mwenye pointi nyingi anaitwa kabla ya mwenye chache. Kule ukikosa hapa unafidia pale. Unaweza kuchukia vigezo vyao (Canada, kwa mfano, hawaoni haya kukupunguzia pointi kila mwaka ukishapita umri wa miaka 29), lakini angalau mashine inajumlisha.

Tena Uingereza wenyewe waliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Ulianza mpango mmoja mwaka 2002, ukafuatiwa na daraja la kwanza la mfumo wa 2008, ambapo mtu alipewa pointi za umri, elimu na mapato yake ya nyuma, akaenda bila mwajiri, akatafuta kazi akiwa huko. Na sikilizeni hili: mapato ya nje yalizidishwa kulingana na nchi uliyotoka. Nchi ziligawanywa katika makundi, na za kundi la mwisho zilizidishwa kwa 11.4. Yaani aliyeandika kanuni ile alifahamu kwamba mshahara mdogo katika nchi maskini si dalili ya kichwa kidogo. Mlango ule ulifungwa kwa waombaji wa nje mwishoni mwa 2010. Tulichobaki nacho ni jina.

Sasa tuje kwenye swali la mshahara, maana hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Desemba 2020 mfumo huu ulipoanza, kiwango cha jumla kilikuwa pauni 25,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kikaruka hadi 38,700. Julai 2025 kikawa 41,700. Lakini usishangilie hiyo 41,700, kwa sababu kila kazi ina kiwango chake pia, na kinachotumika ni kikubwa kati ya viwili. Kwa watengenezaji wa programu, kiwango kilichowekwa Julai 2025 ni pauni 54,700. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya milioni 9 kwa mwaka. Na kiwango ni kimoja nchi nzima: kampuni ndogo ya Sunderland au Hull inatakiwa kulipa sawa na benki ya London. Kwa hiyo waajiri wa mikoani, ambao kazi yako ingewafaa na kodi ya nyumba kwao ni nafuu, wanatolewa nje hata kabla ya kusoma wasifu wako.

Mwajiri mwenyewe naye anatozwa. Cheti cha udhamini kilipandishwa hadi pauni 525 mwezi Aprili 2025, na tangu Desemba 2025 kampuni kubwa inalipa tozo ya pauni 1,320 kwa kila mwaka wa mkataba wako. Miaka mitano ni 6,600. Jiweke kwenye kiti chake: mbele yako kuna waombaji wawili wanaolingana, mmoja yuko Leeds, mwingine yuko Rongai. Utamchukua nani?

Wewe unalipa tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, yote kwa pamoja kabla ya kusafiri. Mke au mume vivyo hivyo, na kila mtoto 776. Familia ya watu wanne kwa miaka mitano ni pauni 18,110. Ukifika utakatwa kodi kama kila mtu, na kodi ile ile ndiyo inayolipia hospitali.

Kiingereza! Hili huwa linanichekesha na kunikera kwa pamoja. Tumesomeshwa kwa Kiingereza, wengi wetu tuliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha za mama zetu, na Katiba yetu ya 2010 inakitaja kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili. Wakoloni waliotuletea ni wao. Lakini Kenya haimo kwenye orodha yao ya nchi zinazosamehewa mtihani. Jamaica na Malta zimo. Kwa hiyo ufanye mtihani, ambao tangu Januari 8, 2026 umepanda kutoka ngazi ya B1 hadi B2, au ulipie shirika lao la Ecctis lithibitishe kwamba chuo kikuu chako kilifundisha kwa Kiingereza.

Najua nitajibiwa: nyumba ni yao, mlango ni wao. Nakubali kabisa, na sidai kwamba Uingereza inawiwa na mimi kazi. Nakubali pia kwamba kanuni zilizoandikwa wazi zinashinda afisa anayekupima kwa macho. Ninachopinga ni lile jina, kwa sababu linawagharimu watu. Neno pointi linamwambia kijana kwamba akiongeza cheti kimoja atasogea. Basi anakopa, anasomea shahada ya uzamili, anarudi anauliza tena, na bado ni sifuri. Mfumo unapima kazi na haumpimi yeye. Kazi ndiyo inayotakiwa kuwa ya kiwango cha shahada. Mwombaji mwenyewe hata si lazima awe nayo. Fundi aliyejifunzia programu katika saiba ya mtaani, akipata mwajiri wa kumlipa kiwango, anapita, na mwenye digrii mbili asiye na mwajiri anabaki.

Jina hilo pia linalisha mabroka. Kuna wakala mmoja mjini, simtaji, anayetoza watu kwa "kupimwa pointi" na kuwapa karatasi yenye muhuri. Karatasi ya nini, na hesabu yenyewe umeimaliza hapo juu? Wengine wanauza vyeti vya udhamini vyenyewe. Walezi wa wazee walifunguliwa mlango Februari 2022, na kabla haujafungwa kwa wapya wa nje Julai 2025, wengi waliolipia kazi walifika wakakuta kazi haipo. Na visa imefungwa kwa mwajiri: akikuachisha, au leseni yake ikifutwa, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Mei 2025 serikali yao ilipendekeza muda wa kungoja ukaazi wa kudumu utoke miaka 5 uwe 10. Hebu piga picha, miaka kumi ukimwogopa meneja.

Kwa hiyo anayeniuliza ana pointi ngapi, nitamuuliza ni nani aliyekubali kumwajiri na kwa pauni ngapi. Kama hana jibu, aanze hapa: tovuti ya serikali ya Uingereza inachapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni, majina zaidi ya 100,000, katika faili la jedwali ambalo unalipakua bure. Lina jina, mji na aina ya leseni. Halisemi nani ana nafasi, na limejaa mikahawa na nyumba za wazee, kwa hiyo itabidi uandike programu ndogo ya kulichuja. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na broka hatakufanyia.