Kumuuguza Mzee Nyumbani Si Bure

Imani iliyoenea Afrika Mashariki, kuanzia vikao vya ukoo hadi majukwaa ya siasa, inashikilia kwamba makao ya kulelea wazee ni anasa ya Wazungu, kwamba gharama zake ni za kufilisi, na kwamba familia yenye heshima humtunza mzee wake nyumbani bila kutoa chochote zaidi ya upendo. Dai hilo la mwisho ndilo lenye madhara makubwa, hasa mzee anapopatwa na dimenshia, yaani mkusanyiko wa dalili zitokanazo na maradhi ya ubongo, likiwemo la Alzheimer, ambayo hudhoofisha kumbukumbu, fikra, usemi na hatimaye uwezo wa mtu kujihudumia. Matunzo ya mgonjwa wa namna hiyo hayajapata kuwa bure mahali popote. Hutofautiana tu katika nani anayelipa, na kama malipo hayo yanaandikwa popote.

Bei ya makao ya wazee huwashtua watu kwa kuwa imeandikwa, ilhali sehemu yake kubwa ni mishahara. Mgonjwa ambaye dimenshia yake imekomaa huamka usiku wa manane akitaka kwenda shambani alikoacha kulima miaka mingi iliyopita, hufungua gesi akasahau kuiwasha, hukataa kuogeshwa na binti asiyemtambua tena, na hubadilishwa nepi za watu wazima mara kadhaa kwa siku. Uangalizi huo hauna mapumziko, na wiki ina saa 168, wakati sheria ya kazi ya Tanzania Bara inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mwajiriwa mmoja, kwa hiyo kuweka mtu mmoja macho usiku na mchana kunahitaji karibu waajiriwa wanne wanaopokezana zamu. Makao hugawa gharama hiyo kwa wakazi kadhaa wanaohudumiwa pamoja. Nyumbani haigawanywi: zamu zote nne hubebwa na mtu mmoja, ambaye kwa kuwa halipwi huhesabiwa kuwa hafanyi kazi.

Wachumi wa afya wamekwisha kuipima kazi hiyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, dimenshia iligharimu uchumi wa dunia takriban dola trilioni 1.3 mwaka 2019, na karibu nusu ya kiasi hicho kilikuwa thamani ya matunzo yasiyo rasmi, yaani yale yanayotolewa na ndugu na marafiki, ambao kwa wastani hutumia saa 5 kwa siku kumhudumia mgonjwa, huku wanawake wakibeba asilimia 70 ya saa zote za matunzo. Zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata dai kwamba ugonjwa huu ni wa Ulaya halisimami, kwani utafiti uliofanywa vijijini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikuta kiwango cha asilimia 6.4 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea.

Ndani ya familia, mlipaji hujulikana ingawa hatajwi. Mara nyingi ni binti asiyeolewa, mke wa mtoto wa kiume au mjukuu aliyeachishwa shule, ambaye hufunga genge lake, hupoteza wateja na huzeeka bila akiba, huku kaka zake walioko Dar es Salaam, Muscat au London wakituma fedha kwa simu na kusifiwa kikaoni kwamba ndio wanaomtunza mzee. Fedha zao zina risiti, lakini usingizi wa dada yao hauna. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mahali ambapo methali hiyo inatimia kama pale ukoo unapokubaliana kwa kauli moja kwamba mzee hatapelekwa popote, kisha wajumbe wote wakaondoka isipokuwa mmoja.

Wanaoitetea imani hiyo huitolea mfano Uingereza, ambako nyumba za wazee huuzwa ili kulipia makao yao. Mfano huo ni wa kweli, lakini unathibitisha jambo jingine. Nchini England, huduma ya taifa ya afya humtibu mgonjwa wa saratani bila malipo, ilhali mwenye dimenshia kwa kawaida huingizwa katika mfumo wa matunzo ya jamii, ambao hupima kwanza mali yake: mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na thamani ya nyumba huhesabiwa isipokuwa kama mwenzi wake bado anaishi humo au kuna sababu nyingine inayotambuliwa kisheria. Tume ya serikali iliyoongozwa na Andrew Dilnot ilipendekeza mwaka 2011 kwamba jumla ya malipo ya mtu iwekewe kikomo. Utekelezaji uliahirishwa mara kadhaa, na mwaka 2024 serikali ikaufuta. Kinachowafilisi wazee wa huko ni taifa kukataa kuchangia hatari ambayo hakuna ajuaye itamwangukia nani.

Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo mwaka 1995, ambayo huchangia gharama za makao, japo haizimalizi, na pia humlipa fedha mgonjwa anayetunzwa na ndugu zake, pamoja na kuweza kumchangia ndugu huyo pensheni. Japani ilifuata mwaka 2000, ikiwatoza michango wote kuanzia umri wa miaka 40. Mataifa hayo yalikiri kwamba utunzaji ni kazi yenye thamani, hata inapofanyika nyumbani.

Afrika Mashariki bado haijakiri hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya matunzo na makao kuwa njia ya mwisho, kwa hiyo makao ya serikali hupokea hasa wazee wasio na ndugu, na mzee mwenye dimenshia aliye na binti huhesabiwa kuwa amekwisha kupata huduma. Pensheni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, iliyoanza Zanzibar Aprili 2016 kwa Sh20,000 kwa mwezi, na ruzuku ya Inua Jamii ya Kenya ya Sh2,000 za nchi hiyo, ni hatua za kupongezwa, lakini hazikukusudiwa kugharimia zamu ya mtu hata mmoja.

Itasemwa kwamba serikali maskini haziwezi kujenga makao kila wilaya. Hoja hiyo ina uzito, ila haizuii vituo vya kuwapokea wagonjwa mchana, mafunzo kwa wanaouguza, wala posho kwao, na kila kimojawapo ni nafuu kuliko jengo. Hakuna hata kimoja kitakachoingia katika bajeti maadamu watunga sera wanaamini kwamba kazi hiyo hufanyika bila gharama. Vivyo hivyo, ukoo unaokataa makao kwa jina la heshima unawajibika kupanga zamu, kumlipa anayeuguza na kumrudishia sehemu ya mapato aliyopoteza. Usipofanya hivyo, heshima inayodaiwa inagharimiwa na mtu ambaye hakuulizwa.