Vidonda vya tumbo: Kipimo cha damu kinaweza kukudanganya

Tumbo linawaka, unaenda kupima. Unachomwa kidole, baada ya dakika chache unaambiwa una H. pylori. Unameza dozi. Mwaka unaofuata unapimwa tena, majibu ni yale yale, dozi nyingine.

Huenda shida iko kwenye kipimo. Kipimo hicho cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Vita ikiisha, askari hao hubaki kwenye damu miezi, hata miaka. Ndiyo maana mtu aliyepona anaendelea kuandikiwa antibiotiki.

Si jambo dogo. Tangu 1994, shirika la utafiti wa saratani la WHO limemweka bakteria huyu kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani. Mwaka 2022 saratani ya tumbo iliua watu wapatao 660,000 duniani. Japani, ambako ugonjwa huu ni mzigo mkubwa, tangu 2013 bima ya afya inalipia kumtibu H. pylori hata kwa mwenye uvimbe wa ukuta wa tumbo tu, bila kusubiri vidonda.

Anayetaka kujua kama bakteria yupo sasa hivi apime choo kikubwa, au apulize pumzi pale kipimo hicho kilipo. Ila uache omeprazole wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne, la sivyo bakteria anajificha na majibu yanatoka safi. Hili wengi hawaambiwi. Na baada ya dozi, rudia kipimo hicho hicho cha choo, siyo cha damu.

Vipi kuhusu vile "vipimo vya saratani" kwenye vifurushi vya kucheki afya? CEA na CA 19-9 vinamsaidia daktari kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari ana saratani. Kwa mtu mzima wa afya havifai: saratani changa mara nyingi haivipandishi, na vinaweza kupanda kwa sababu nyingine kabisa. HER2 nayo hupimwa kwenye kinyama kilichokatwa tumboni, ili kuchagua dawa.

Ukiona choo cheusi kama lami, uzito unashuka bila sababu, unatapika damu au chakula kinakwama, usihangaike na vipimo vya kidole. Omba rufaa ya kamera ya tumbo.