Tuanze na Kipimo cha Choo, DNA Itangoja

Watu wangu wa Kericho na Bomet, leo tunaongea kuhusu choo. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Marekani kuna kipimo kilichoidhinishwa 2014. Unaweka choo kwa mkebe ukiwa kwako, unatuma maabara, wanatafuta damu pamoja na DNA iliyoharibika inayotoka kwa saratani ya utumbo mpana. Hakuna sindano, hakuna kamera. Kwa utafiti wa watu karibu 10,000, kilinasa saratani 92 kati ya kila 100. Kipimo rahisi kinachotafuta damu pekee, kinaitwa FIT, kilinasa 74.

Najua utasema tuletewe hicho cha DNA. Mimi si daktari, na chuo niliacha, lakini hesabu najua. Kati ya watu 100 wasio na saratani wala uvimbe wa kutisha, cha DNA kiliwapa 13 majibu mabaya. FIT iliwapa 5. Na kila anayepata majibu mabaya lazima aingizwe kamera kwa utumbo ndio ukweli ujulikane. Hiyo kamera iko Tenwek na hospitali nyingine kubwa, haiko kwa dispensari ya kijijini. Tukijaza foleni na watu wazima wa afya, mgonjwa mwenyewe atapimwa lini?

FIT ni ya bei nafuu, na ikirudiwa kila mwaka, kilichoponyoka mwaka huu kinaweza kunaswa mwaka ujao. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2018 unaitaja kwa watu wa kuanzia miaka 45. Sasa niambie, mama anayechuma chai ameulizwa lini kuhusu hicho kipimo?

Na sisi pia tuache aibu. Mzee akiona damu anasema ni bawasiri, ama amiba, ananunua dawa dukani, miezi inapita. Ukiona damu usingoje kipimo chochote, nenda kwa daktari moja kwa moja, hata kama una miaka 22. Inaweza kuwa bawasiri kweli, lakini wacha daktari ndiye aseme.

Afya iko chini ya kaunti. Wiki hii pitia dispensari yenu uulize kama FIT iko. Wakisema hakuna, mpigie MCA wako, umuulize ni kwa nini. Alipotaka kura alikupata bila shida.